Msimu wa Mbegu Sikioni

Jumatatu, 4 Machi

Leo nilitakiwa nilale chali bila kutikisika kwa muda wa kusahihisha madaftari matatu hivi, nimeshindwa.

Nieleze vizuri, maana nimefundisha fizikia karibu maisha yangu yote na kitu kisichoelezwa hunikera kama mchanga kwenye kiatu. Jicho langu la kushoto lilikufa zamani kwa presha ya macho. Halioni hata taa ikiwashwa mbele yake. La kulia lina mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho inapaswa kuwa angavu kama kioo cha dirisha. Yangu imekuwa kama kioo cha dirisha la bafu: mwanga unapita, lakini aliye upande wa pili humjui. Dawa yake ni kuitoa na kuweka ya bandia. Ni kazi fupi, hufanywa kwa ganzi huku mgonjwa yuko macho, na mgonjwa haombwi kitu kingine ila atulie.

Walinifunika uso kwa kitambaa chenye tundu. Nikasikia pumzi zangu zinanirudia usoni zikiwa za moto. Moyo ukahamia shingoni, vidole vikafa ganzi bila kuchomwa sindano, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimekaa kitako, kitambaa kinaning'inia, sinia la vyuma liko sakafuni.

"Babu, umeruka kama chura aliyekanyagwa!" akasema muuguzi.

Daktari wa macho ni mtu anayetoa maneno kana kwamba anang'oa meno yake mwenyewe. Alingoja vyuma vyote viokotwe.

"Nilikuwa sijagusa," akasema. "Bahati."

"Daktari, si unilaze usingizi kabisa?"

"Kwa moyo huo na kifua hicho? Unaweza kulala usiamke." Akavua glovu. "Hili ndilo jicho lako la mwisho, mzee. Ukiruka kisu kikiwa ndani, limekwenda. Tutajaribu tena mvua zikiisha. Ukishindwa siku hiyo, mimi sitakugusa tena."

 Njiani mke wangu alinishika mkono tulipovuka barabara, kama mtoto wa chekechea.

Naandika haya kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, herufi kubwa kama tangazo la mnada.

Jumatano, 6 Machi

Watu huchanganya hofu na wahaka. Hofu unajua inakotoka: mbwa, moto, mkaguzi wa shule. Wahaka huja kwanza, ukakaa kifuani, halafu ndio unaanza kuutafutia sababu. Wangu ulikuja nilipostaafu. Niliamka asubuhi hakuna kengele, hakuna darasa linalonisubiri, na mwili ukajiandaa kukimbia. Tangu hapo sijakaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Sebuleni, jikoni, uani, sebuleni. Mke wangu anasema zulia limeshachora barabara yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Nimetoka kuangalia mfereji wa bati, nikarudi, nikatoka tena.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amerudi kutoka kwa fundi cherehani na habari. Fundi huyo ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, anashona barazani kwake. Mkewe alikuwa hapati usingizi, akaenda kwa mwanamke mmoja anayetibu kwa sindano za sikioni, sasa analala mpaka chai inapoa.

"Sindano za sikioni!" nikasema. "Mimi mtu wa sayansi, nikachomwe masikio?"

"Mtu wa sayansi, jaribu basi. Si ndiyo kazi yenu, kujaribu?"

"Daktari alinifundisha kuvuta pumzi taratibu. Nitaendelea na hilo."

"Umevuta pumzi, Mwalimu, mpaka zimetuishia humu ndani."

Yeye ndiye mtu pekee anayeniita Mwalimu kwa namna inayonifanya nijihisi mwanafunzi. Lakini sikupenda. Nimeona anavyocheka na mke wa fundi siku hizi, nikipita wananyamaza. Nadhani amechoka na mimi.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda.

Chumba kiko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme, ngazi za chuma zinazolia kila ukikanyaga. Ndani mna benchi, kitanda chembamba chenye shuka la karatasi, na ukutani picha kubwa ya sikio iliyojaa nukta. Niliisogelea mpaka pua ikagusa ndipo nikaona: ndani ya sikio wamemchora mtoto aliyejikunja tumboni mwa mama yake, kichwa chini. Ndugu zetu wa Uchina, na Wafaransa waliokuja kuongezea, wanasema sikio zima ni ramani ya mwili kwa mpango huo, ndewe, ile nyama laini ya chini, ikiwa ndiyo kichwa.

Tabibu mwenyewe ni mwanamke wa makamo, umri wa binti zangu, aliyeisomea kazi hii hukohuko Uchina. Kabla hajaniuliza jina akasema:

"Mzee wangu, toa ulimi."

Nimewafukuza watoto darasani kwa jambo hilohilo. Nikautoa. Akautazama kama mtu anayenunua kitambaa. Kisha akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu, pale mapigo yanapopita, akafumba macho. Akafanya hivyo kwenye mkono wa pili.

"Moto wa moyo wako umepanda juu," akasema, "na maji ya figo yamekaa chini. Hawasalimiani."

"Mwanangu, moto hupanda na maji hushuka. Hilo hata mimi nimelifundisha."

"Basi unaelewa. Kazi yetu ni kuwakutanisha katikati."

Nikamwambia nataka ushahidi, si mashairi. Nilitarajia akasirike. Akavuta kiti.

"Kuna tafiti zimeona wagonjwa wanaongoja upasuaji wanatulia wakichomwa sikioni. Kuna wataalamu wanaosema tafiti zenyewe ni ndogo na bado. Mimi nakuambia ninachokiona hapa chumbani, muujiza sina. Dawa zako za hospitali usiache hata kidonge kimoja. Na kwa kuwa unatumia ya kulainisha damu, majani yangu ya kunywa sikupi, yasije yakagombana."

Nikamheshimu hapohapo, ingawa sikumwambia.

Sindano zenyewe ni fupi na nyembamba kama unywele wa paka, kila moja inafunguliwa kwenye pakiti yake mbele yako, ikishatumika inatupwa. Tano kila sikio. Ya kwanza huingia kwenye kishimo cha pembetatu sehemu ya juu ya sikio, mahali wanapopaita Lango la Roho. Haiumi kama sindano. Inauma kama kukumbuka kitu. Sikio likapata joto. Nikalala. Mvua ikaanza kugonga bati, na mimi nikawa nimekaa kitako, sindano kumi zinanesanesa.

"Wiki ijayo," akasema tabibu, wala hakunicheka.

Alipozitoa alibandika mbegu ndogo nyeusi, ngumu kama risasi za ndege, kwa vipande vya plasta, mahali palepale. Wahaka ukija nibonyeze, nihesabu taratibu, niachie.

Jumatano, 13 Machi

Sikio linawasha. Mke wangu anasema nimekuwa kama ng'ombe aliyewekwa alama.

Jumanne, 19 Machi

Sindano. Nimelala mpaka mtu wa duka la chini alipoanza kujaribu spika. Nikainuka.

Jumamosi, 23 Machi

Kitu kinafanya kazi, sijui ni kipi. Leo asubuhi moyo ulianza mbio zake nikiwa napiga mswaki. Nikabonyeza Lango la Roho kwa kidole gumba na cha shahada, nikasikia uchungu mtamu, nikahesabu. Moyo ukashuka ngazi, ukakaa. Inawezekana ni mbegu. Inawezekana ni kuhesabu. Inawezekana ni kwa sababu sasa mkono wangu una kazi. Mwanasayansi mzuri angetenganisha vitu hivyo kimoja kimoja, ila mwanasayansi mzuri hana jicho moja na miadi ya Mei.

Jumanne, 26 Machi

Nimelala mpaka mwisho! Tabibu aliponigusa bega nilidhani amekuja kuanza.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua haikatiki. Watu wakijibanza barazani kwa fundi cherehani huwa nawaeleza habari ya sikio, maana lazima waulize: mzee mzima ana plasta masikioni. Leo walikuwa wengi. Nikachora sikio kwa chaki ya fundi kwenye ubao wake wa kukatia nguo, nikaonyesha kishimo, nikaeleza mishipa ya fahamu inayopita humo kwenda kwenye ubongo, na jinsi mwili unavyoweza kudanganywa utulie kama ulivyodanganywa ukimbie. Wakanisikiliza mpaka mvua ilipokatika, na wawili wakabaki hata baada ya hapo. Sijasikilizwa hivyo tangu niliporudisha funguo za maabara.

"Mwalimu," akasema fundi, "hiyo nukta ya juu ni ya wasiwasi tu, au na ya presha?"

"Vyote ni ndugu."

"Basi mimi nitapona bure. Sindano ninazo za kila namba."

Tukacheka wote, mimi nikiwa wa kwanza.

Nimerudi nyumbani nikakaa kwenye kiti, nikala nimekaa, na nikabaki nimekaa. Mke wangu alinitazama mara mbili.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimefundisha tena barazani. Nimelala vizuri.

Jumanne, 9 Aprili

Leo lazima niandike kwa kirefu hata kama jicho linalia.

Tulikuwa tunakunywa chai mlango ulipogongwa kama unavunjwa. Mke wa fundi. Mvua ilikuwa inamchuruzika na hakujali.

"Mwalimu yuko wapi? Mwalimu, njoo uone kazi yako!"

Nikatoka. Nyuma yake alisimama fundi, taulo kichwani. Alipolitoa, hata mimi niliona. Sikio la kulia lilikuwa jekundu, limevimba mpaka mikunjo yote imepotea, limesimama pembeni ya kichwa kama kipande cha nyama kilichobandikwa. Alikuwa anatetemeka kwa homa.

"Nilichemsha sindano, Mwalimu," akasema kwa unyonge. "Ile nyembamba ya hariri. Nikafuata mchoro wako."

"Mchoro wangu?"

"Upo bado ubaoni. Sijaufuta."

Mkewe akanigeukia. "Mtu mwenye akili zake, aliyesoma, anasimama barazani kwa watu anawafundisha kujichoma! Ungekuwa mtoto ningekuchapa. Sasa nikuchape vipi na mvi hizo?"

Nilifungua mdomo nieleze tofauti ya kuchemsha na kutakasa, namna gegedu la sikio lisivyo na damu nyingi ya kupigana na vijidudu, na mke wangu akanikanyaga mguu. Akachukua mwavuli, akatoka nao kwenda hospitali, akaniacha mlangoni na kikombe changu.

Wamemlaza. Wanamtoa usaha na kumpa dawa za mshipani. Wanasema wamewahi, ila sikio huenda likabaki limejikunja.

Mchana nilikwenda kwa tabibu kwa ajili ya sindano zangu, nikamweleza, maana angesikia tu. Hakunilaza. Alikwenda kufunga dirisha, mvua ilikuwa inaingia.

"Mzee wangu, mimi hii kazi nimeisomea miaka. Wewe umeifundisha kwa mvua mbili."

"Nilieleza tu, mwanangu. Sikumwambia mtu ajichome."

"Uliwaambia nukta iliko. Hukuwaambia wasiiguse."

Aliniwekea mbegu mpya. Mikono yake, ambayo huwa inaongea, ilikuwa kimya.

Nimefanya uamuzi. Sielezi mtu kitu tena.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Nimenyamaza.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimekwenda hospitali kumwona fundi. Nikasema pole. Akaniuliza kwa nini dripu inatiririka yenyewe kwenda chini lakini isiingize hewa. Ninajua kwa nini. Nikasema, "Waulize wauguzi." Akanitazama kama mtu aliyenyimwa maji.

Jumamosi, 13 Aprili

Sebuleni, jikoni, uani.

Jumanne, 16 Aprili

Nimelala kitandani kwa tabibu kwa muda wa kufunga kamba za viatu, nikainuka. Amenilaza tena. Nikainuka tena. Nabonyeza mbegu mpaka ngozi chini yake imekuwa na kidonda.

Fundi ametoka hospitali. Sikio limejikunja kidogo juu. Anaringa nalo, anawaambia wateja ni mtindo mpya wa kola. Mkewe bado hanijibu salamu.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua kubwa, mfereji umeng'oka. Nilikuwa wa kwanza kujua, kwa kuwa nilikuwa nimesimama dirishani tangu alfajiri. Siku zimebaki chache. Nimeanza kujizoeza kutembea ndani ya nyumba nimefumba macho, ili nijue itakavyokuwa. Mke wangu alinikuta nashika ukuta wa jikoni. Akasema, "Acha mchezo huo," akaingia chumbani akafunga mlango. Mtu aliyechoka na mwenzake hufunga mlango hivyo.

Jumanne, 23 Aprili

Mke wangu ameamua kunisindikiza kwa tabibu. Sikumwomba.

Tabibu akashika mapigo yangu, akakunja uso. "Huyu amefanya nini? Mwezi uliopita mapigo haya yalikuwa yanatembea. Sasa yanakimbizwa."

"Amenyamaza," akasema mke wangu kutoka kwenye benchi.

"Si vizuri? Mtu wa wasiwasi akinyamaza?"

"Mwanangu, huyu si mtu wa kunyamaza. Umewahi kuona jiko la mchina la mafuta ya taa lililozibwa tundu?"

Tabibu akacheka kwa mara ya kwanza tangu habari ya fundi. Akanichoma sindano, tano na tano, kisha badala ya kwenda kwenye meza yake akaweka vidole vitatu mkononi kwangu na kukaa.

"Mzee wangu, nieleze kitu. Chochote, ila si masikio."

"Nimeacha kueleza."

"Kwa nini radi tunaiona kwanza ndipo tuisikie?"

Nilijizuia. Kweli nilijizuia. Halafu nikasema kwamba mwanga husafiri haraka kuliko sauti, na kwamba akitaka anaweza kuhesabu kati ya mwako wa radi na ngurumo akajua umbali. Akauliza kwa nini ngurumo hujivuta badala ya kulia mara moja. Swali zuri hilo. Nikamweleza kwamba njia ya radi ni ndefu, ncha yake moja iko karibu na nyingine mbali, sauti zinafika kwa zamu. Nikamweleza na mwangwi. Nilikuwa nimefika kwenye joto la hewa aliposema:

"Mama, njoo ushike hapa."

Nikasikia vidole vya mke wangu mkononi.

"Yanatembea," akasema.

"Yanatembea. Sindano zinafungua mlango, lakini huyu anaingia akiwa anaongea." Akaniinamia. "Kuanzia leo, ukilala hapa unanieleza kitu. Fundisha vyote unavyovijua, mzee wangu. Vyangu niachie mimi."

Nilidhani nitaona aibu. Nimerudi nikiwa mwepesi, nikamsahihisha mke wangu mara mbili njiani.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua zinalegea. Sasa nakwenda kwa tabibu kila siku ya pili; nimemweleza mvukizo, pampu ya maji na sababu ya mbingu kuwa bluu. Nalala chali mpaka mwisho kila mara. Fundi ameniuliza tena habari ya dripu. Safari hii nimemjibu, na mkewe akaleta kiti akaniambia, "Kaa basi, utachoka." Hakutabasamu, lakini kiti ni kiti.

Alhamisi, 2 Mei

Tulikwenda hospitali ya macho kwa maelekezo ya mwisho. Nilikuwa na furaha, nikamwambia daktari nimepata njia: nabonyeza mbegu, au naongea.

Akafungua faili langu.

"Mikono itafungwa chini ya shuka. Sikio liko karibu na jicho, halishikwi."

"Basi nitaongea."

"Taya likisogea, kichwa kinasogea. Kichwa kikisogea, jicho linasogea." Akafunga faili. "Usiongee."

"Na hizo mbegu babu zitatoka," akaongeza muuguzi. "Humu haiingii hata hereni."

Kwa hiyo nimetumia msimu mzima kujifunza dawa mbili, na zote mbili zimekatazwa mlangoni. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje, miguu inacheza yenyewe. Mke wangu alibaki ndani na muuguzi. Wanawake wawili wakaongea wee, na nikasikia wanacheka. Mimi nakwenda kupofuka, yeye anacheka na muuguzi. Alipotoka sikumsemesha mpaka nyumbani.

Jumapili, 5 Mei

Jua. Nguo za mtaa mzima ziko nje. Sikukaa.

Jumanne, 7 Mei

Sindano za mwisho kabla ya kesho. Tabibu amenilaza bila kuniruhusu kuongea. Nilistahimili nusu. Akasema nusu si haba. Akasema pia jambo la kweli, na nalipenda kwa kuwa ni la kweli: "Sijui kama itatosha."

Kama hii ndiyo mistari ya mwisho ninayoiona, basi niseme kwamba imepinda.

Alhamisi, 9 Mei

Anayeandika si mimi. Nimekatazwa kuinama na kukaza jicho kwa siku kadhaa, kwa hiyo mimi nasema nikiwa kitandani na mke wangu anaandika. Nimemwomba aandike kila neno kama lilivyo.

(Nitaandika yanayoandikika. Mkewe.)

Jana walinilaza, wakanibandua mbegu, wakanifunga mikono chini ya shuka, wakanifunika kile kitambaa chenye tundu. Pumzi zikaanza kunirudia. Moyo ukapanda. Nilianza kulitafuta Lango la Roho kwa mawazo tu, kule sikioni, bila kidole, nikahesabu, likanishikilia kidogo, likaanza kuteleza. Nikajua nainuka. Mgongo ulikwishaanza kukaza.

Ndipo muuguzi akaniinamia sikioni.

"Babu, nikueleze kinachofanyika? Daktari anaosha lenzi yako. Unajua lenzi ndiyo inayotoa mwanga. Jicho ni kama tochi. Ndiyo maana paka macho yao yanawaka gizani."

Lenzi inatoa mwanga! Nilitaka kusema. Nikakumbuka taya. Nikasema moyoni: ngoja, binti, ngoja tu. Kwanza, jicho halitoi mwanga, linapokea. Pili, paka ana kioo nyuma ya jicho kinachorudisha mwanga wa nje.

"Na mwanga ukitoka," akaendelea, "unakwenda kugonga kitu, unarudi na rangi yake. Usiku hatuoni vizuri kwa sababu betri imepungua."

Betri! Nikaweka la tatu. Akahamia kwenye hali ya hewa: radi hutokea mawingu yakigongana, ndiyo maana wingu moja peke yake halina radi. La nne. Akasema jua liko karibu zaidi saa sita mchana, ndiyo maana linachoma. La tano, na hili lilihitaji mchoro. Nilikuwa nimelala pale nikiyapanga, lipi litangulie, lipi nilieleze kwa mfano wa mpira, nikiogopa jambo moja tu, nisije nikasahau hata moja kabla hawajaniruhusu kufungua mdomo. Alipofika kwenye bahari kuwa na chumvi kwa ajili ya jasho la samaki, daktari akasema:

"Tayari."

Tayari nini? Nilidhani bado wanaosha.

Nikaanza hapohapo, wakiwa wananibandika pamba. Kwanza, binti, jicho halitoi mwanga. Muuguzi akacheka mpaka akashika ukingo wa kitanda, na daktari, yule daktari, nikamsikia anapumua puani mara mbili, ambayo nadhani ndiyo kicheko chake.

"Ni mama, mkeo," akasema muuguzi. "Alinishika siku ile akaniambia: mweleze vitu, ila mkosee. Ukimweleza kwa usahihi atachoka, atainuka. Ukikosea hatoki hapo mpaka akusahihishe."

Leo asubuhi wametoa pamba. Nimeona herufi ukutani mpaka mstari wa pili kutoka chini. Nimeona muuguzi niliyekuwa namwita binti ana mvi nyingi kuliko mimi. Na nimemwona mke wangu, nikamwambia nilidhani amenichoka.

(Nimemwambia nimemchoka kweli, tangu zamani, na kwamba hayo mawili hayapingani. Nilikuwa naongea na mke wa fundi kumwuliza anavyomtuliza mume wake, na mlango nilifunga ili nilie bila kuelezwa kwa nini machozi yana chumvi. Mkewe.)

Tabibu alikuja mchana na pakiti yake. Amenichoma sindano hapahapa kitandani, sikio la kushoto tu, mbali na jicho. Nikamuuliza, kati ya sindano, mbegu, maongezi na uongo wa muuguzi, kilichonilaza ni kipi. Akasema hajui. Mimi nina nadharia. Mama, andika: tuanze na lenzi. Lenzi ya jicho, tofauti na alivyosema muuguzi, ni

(Hapa alieleza lenzi kwa muda mrefu. Sikuandika. Nilimwambia basi nyota nazo ni mashimo madogo angani, akavuta pumzi anijibu, akatulia akipanga la kwanza na la pili. Amelala.)